Kitambaa cha Malkia Ofka

Mpelelezi Zenon Pakuła aliposhuka kwenye treni mjini Starogrodzie, asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi, hakuwa na kitu tumboni. Hakuwa na hati ya kupekua nyumba ya mtu, kwa kuwa hakimu wa kuitia saini alikuwa kwa wakwe zake anakula nyama ya nguruwe. Hakuwa na cheo cha kumtisha padri wala umri wa kumshauri. Nafasi pia hakuwa nayo: kesho asubuhi Walenty Grzyb, mtunza sakristia wa kanisa la mji ule, angesimamishwa mbele ya mwendesha mashtaka wa mkoa kwa wizi wa mali takatifu, na waliokwenda huko kwa kosa lile hawakurudi upesi.

Juu ya yote hayo, Pakuła hakuwa Mkatoliki. Alilelewa na Walutheri wa milima ya kusini, ambako kanisani kuna meza, msalaba na mahubiri marefu, basi. Alipokabidhiwa kesi hii mwenzake ofisini alimcheka waziwazi. "Pakuła kwenye kanisa lile," alisema, "atakuwa kama bubu mnadani."

Kilichoibwa kilikuwa bizimu ya dhahabu, kubwa kama yai la kuku, iliyofunga joho la Malkia Ofka kifuani. Malkia mwenyewe alikuwa wa marumaru, amelala chali juu ya kaburi lake kwa karne nyingi. Bizimu ilikuwa dhahabu kweli, imepachikwa katika tundu la jiwe na watu wa mji ule baada ya tauni fulani ya zamani. Jumapili alfajiri, baada ya maandamano ya Ufufuko, wasichana walikwenda kumsalimu Malkia wakakuta tundu tupu. Hata supu ya Pasaka haijapoa, Grzyb alikuwa ndani.

Mlangoni pa kanisa Pakuła alimkuta Ambroży Sroka, mkuu wa wazima moto wa kujitolea, mtu mnene mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta. Alikuwa akipakia kofia za shaba kwenye mkokoteni. Tangu Ijumaa Kuu hadi Jumapili vijana wake ndio waliolinda Kaburi la Bwana, lile la mbao na maua linalojengwa kila mwaka ubavuni mwa kanisa.

"Vijana wako walisimama hapa Ijumaa yote?" Pakuła aliuliza.

"Zamu kwa zamu. Na si kusimama tu, bwana. Kusimama!" Sroka alikaza shingo kuonyesha. "Mlinzi wa Kaburi la Bwana hageuki hata nzi akimtua puani."

"Kwa hiyo macho yao yalitazama mbele. Na mbele yao kuna nini?"

"Lango la chuma la chapeli ya wafalme, kule walikozikwa."

"Nani aliingia humo Ijumaa?"

"Grzyb. Peke yake. Ijumaa mchana alifungua, akainama nyuma ya Malkia, akakaa huko kitambo. Akatoka amejifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu anayejizuia kulia."

"Hamkumuuliza?"

"Mlinzi wa Kaburi hasemi, bwana! Ungekuwa mtu wa dini ungejua."

"Mimi ni mtu wa dini. Si ya kwenu tu."

"Aa," alisema Sroka kwa huruma, kama aliyeambiwa habari ya ugonjwa, akarudi kwenye kofia zake.

Padri Hieronim Dudek alikuwa akimngoja ndani. Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti yake ilizoea kujibiwa na umati. Walipita chini ya nguzo za matofali mekundu zilizopanda hadi shingo ya mtu ikachoka kuzifuata, kisha zikatawanya mbavu zake juu kama matawi yaliyoshikana mikono. Pakuła hakuusifu uzuri wa kanisa lile, na Padri alionekana kulitia hilo moyoni.

Wafalme walikuwa kwenye chapeli ya kaskazini. Mfalme Przemko alilala katika marumaru nyekundu na upanga wake, pua imevunjwa na askari wa vita fulani. Pembeni yake alilala Malkia Ofka, mweupe, mikono imekutana chini kidogo ya kifua, na miguuni kajibwa ka jiwe ambako pua yake iling'aa kwa kuguswa na wasichana wanaotafuta wachumba.

Pakuła alivua kofia na kuinama juu ya tundu. Kingo zake zilikuwa nzima, hazikumeguka hata punje. Mikwaruzo ilikuwa midogo, yenye mpango, imezunguka tundu kama alama za saa.

"Aliyeing'oa alikuwa na nafasi," alisema. "Na mkono mtulivu. Grzyb mkono wake ukoje?"

"Tangu nimonia unatetemeka," alijibu Padri. "Juzi alimwagia divai kitambaa cha altare. Lakini shetani akitaka humtuliza mtu mkono."

"Inawezekana. Ila sijapata bado kumwandikia shetani hati ya kumkamata."

Padri hakucheka. Pakuła alizunguka nyuma ya kaburi, akapiga magoti. Kwenye pembe ya ukuta, mahali ambapo fagio la mgonjwa halikufika, palikuwa na kitu kikavu kilichojikunja. Alikinusa. Kilinuka kitunguu saumu. Alikitia ndani ya bahasha ndogo, na bahasha mfukoni, asimwambie mtu.

Aliposimama, jicho lake likakuta jambo jingine. Baina ya vidole vya jiwe vya Malkia palinasa uzi mfupi wa zambarau.

"Huu umetoka wapi, Padri?"

"Kwenye kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Padri alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza mvua ni kitu gani.

"Kitambaa cha Kwaresima, bwana! Tangu Jumapili ya tano ya Kwaresima misalaba yote na sanamu zote hufunikwa zambarau mpaka Pasaka. Na kwetu humfunika Malkia pia, maana watu humhesabu kuwa mtakatifu hata kama Roma bado inafikiri. Kwenu hamfuniki?"

"Kwetu hakuna cha kufunika." Pakuła alitoa daftari, akasoma maneno aliyoyanakili ofisini. "Umeapa hivi: 'Alhamisi Kuu jioni nilifika langoni, nikamwona Malkia yuko salama na pambo lake, nikafunga, nikamkabidhi Grzyb ufunguo.' Ni kweli?"

"Kila neno."

"Jioni ile, Padri, ulipomwona Malkia, uliona nini hasa?"

Padri alifungua kinywa. Akautazama ule uzi.

"Nilimwona," alisema hatimaye, "kama anavyokuwa siku zile."

"Yaani uliona kitambaa."

"Kama anavyokuwa siku zile," alirudia Padri, safari hii kwa sauti ndogo.

"Na pambo lake?"

Padri alilitazama tundu tupu. Hakuwa mwongo, Pakuła alilielewa hilo. Mtu aliyeona nguo ya zambarau kila Kwaresima ya maisha yake haioni tena nguo. Anaona Malkia chini yake, na bizimu, na hata kajibwa. Macho yalikuwa yameona zambarau na moyo ukaapa dhahabu.

"Kabla ya Alhamisi ufunguo ulikuwa na nani?"

"Na mimi. Grzyb alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, akarudi Jumatano."

"Ulikuwa nao wewe peke yako?"

Padri alimgeukia Mfalme Przemko, kana kwamba yule ndiye aliyeuliza. "Alikuja msomi mmoja, Daktari Oktawian Lisiecki. Anaandika kitabu juu ya makaburi ya wafalme. Mtu mstaarabu, anajua Kilatini kuliko mimi. Nilimwazima ufunguo, ile wiki kabla ya Jumapili ya Matawi. Akapima, akachora, akaenda zake."

"Askofu alijua?"

"Askofu ana mambo mengi," alisema Padri. Kisha akajikaza. "Lakini sikiliza, bwana Mlutheri. Kupata nafasi si kuiba. Ikiwa mimi sikuiona bizimu Alhamisi, basi hujui ilitoka lini. Pengine Lisiecki, pengine Grzyb. Wazima moto walimwona Grzyb akiinama. Lisiecki nani alimwona?"

Pakuła alilazimika kukubali kwamba hoja ilikuwa nzuri. "Nani humvika Malkia kitambaa?" aliuliza.

"Bi Leokadia Mróz, mjane, nyumba ya pili nyuma ya uzio wa kanisa. Na uangalie, leo ni Jumatatu ya Pasaka."

Pakuła hakuuliza aangalie nini. Alipobisha, mlango ulifunguka kwa ghafla, na ndoo nzima ya maji ya kisima ikampata kifuani.

"Yesu na Maria!" Mwanamke mfupi mwenye kilemba cha maua alisimama na ndoo tupu, mkono mdomoni. "Nilidhani ni shemeji!"

"Mpe shemeji salamu zangu," alisema Pakuła, maji yakimtiririka kwenye masharubu.

"Na wewe, mwanangu, unatembea Jumatatu ya Pasaka, siku ya kumwagiana maji, bila koti la mvua? Umelelewa wapi?"

"Kwa Walutheri, mama."

"Maskini! Ingia ujikaushe. Kuna keki, kuna mayai, kuna soseji ya kuchemsha."

Alipoambiwa kinachotafutwa, Bi Leokadia alionyesha kikapu pembeni mwa jiko. "Hicho hapo. Ni kichafu, usinicheke. Nani anafua siku za Pasaka? Nitafua kesho, sikukuu ikishapita."

Pakuła alifuta mikono yake mara mbili kwenye taulo kabla ya kukigusa, akavua na koti lililolowa akalitundika mbali. Kisha wakakitandaza juu ya meza, yeye upande wa kichwa, mama upande wa miguu.

"Nieleze unavyomvika," alisema.

"Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya tano. Naanzia kichwani nashuka. Kila mwaka ile bizimu hunikera, ina meno pembeni, hunasa kitambaa. Ona, hapa nilishona mwaka juzi, hapa mwaka jana. Na hapa," aliingiza kidole kwenye tundu bichi, "mwaka huu, sijashona bado."

"Kwa hiyo ulipomvika bizimu ilikuwepo."

"Ilinichoma kidole, itakosaje kuwepo?"

"Na ulipomvua, Jumamosi Kuu?"

"Kilitoka laini kama siagi. Nilivuta kutoka miguuni, nikakunja, nikakimbia, maana nilikuwa nimeacha mayai motoni."

"Hukumtazama?"

"Malkia hatazamwi mpaka Kristo afufuke. Ndivyo alivyonifundisha mama yangu." Akaingiza tena kidole kwenye tundu bichi, akasema polepole, "Kingenasa, mwanangu. Kingenasa kama ingekuwepo."

"Ndiyo. Lakini hilo linatufikisha Jumamosi tu. Grzyb alikuwa na ufunguo tangu Alhamisi." Pakuła alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kitambaa. "Haya madoa ya njano ni nini?"

"Mierebi. Jumapili ya Matawi Padri akishabariki matawi, wanawake huyapeleka kwa Malkia yangali yamelowa maji ya baraka. Tunayalaza kifuani na mikononi mwake, yanakaa hapo mpaka nitakapomvua. Chavua ya maua yake inatoka, nayo haitoki kwa sabuni ya kawaida, inataka majivu."

"Yanakuwa yamelowa siku hiyo tu?"

"Siku hiyo tu. Jumatatu yameshakauka."

Pakuła alimwomba taa, ingawa jua lilikuwa dirishani. Alipitisha kidole hewani juu ya nguo bila kuigusa, kama mtu anayesoma ramani. Maji ya chavua yalikuwa yamechora Malkia mzima. Pua yake ilibaki zambarau safi, na njano imeizunguka chini. Mikono vivyo hivyo, kisiwa cha zambarau katikati ya ziwa la njano. Palipoinuka, maji yalikuwa yameteremka.

"Bizimu iliinuka juu ya kifua, au ililala sawa?"

"Iliinuka. Kama nusu yai."

"Basi tungeona hapa kisiwa cha tatu."

Mahali pa kifua, kando tu ya lile tundu bichi la mnaso, hapakuwa na kisiwa. Palikuwa na duara la njano iliyokolea, karibu kahawia, kubwa kama yai la kuku, mahali ambapo kitambaa kilididimia na maji yakatuama.

Bi Leokadia alitazama, akatazama tena. "Maji hufuata mkondo," alisema.

"Hayapandi kilima, mama. Yalikuta shimo. Asubuhi ya Jumapili ya Matawi, mlipokuwa mnaimba na kuweka matawi yenu, chini ya kitambaa palikuwa patupu tayari. Na Jumapili ya Matawi Walenty Grzyb alikuwa wapi?"

"Kitandani hospitali! Nilimpelekea mchuzi mimi mwenyewe!" Alikaa kitini kwa kishindo. "Na kesho saa kama hizi ningekuwa nimeshakifua."

Grzyb alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kituo cha polisi, mzee mdogo ndani ya koti kubwa, mikono yake ikitetemeka juu ya magoti. Pakuła alimfukuza mlinzi kwa upole, akakaa, akafungua ile bahasha ndogo na kuiweka juu ya benchi baina yao. Ndani yake kulikuwa na ngozi kavu ya soseji.

Grzyb aliitazama kwa hofu kubwa kuliko alivyomtazama askari aliyemkamata.

"Umeiandika?" alinong'ona.

"Bado."

"Usiiandike, bwana mpelelezi. Nakusihi."

"Mzee Walenty, unakwenda gerezani kwa sababu uliinama nyuma ya kaburi na hukutaka kusema ulifanya nini."

"Daktari aliniambia nile nyama, la sivyo kifua kitarudi. Nikasema nitangoja Pasaka, mfungo uishe. Ijumaa mchana macho yakaingia giza, nguzo zinacheza. Nilikuwa nayo mfukoni, mke wangu aliitia bila kuniambia." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Ijumaa Kuu! Kanisani! Mbele ya Kaburi la Bwana! Mimi niliyewafukuza watoto wa mji huu wote kwa kutafuna peremende. Mwizi, bwana, watu humsahau, akitubu husamehewa. Lakini mla soseji wa Ijumaa Kuu? Wataniita hivyo mpaka kwa wajukuu. Watalichonga juu ya kaburi langu."

Pakuła alitaka kucheka, akaona uso wa mzee, asicheke. Alichukua ile ngozi, akafungua mlango wa jiko la makaa, akaitupa ndani.

"Kuna mahali pa kulisema," alisema. "Si kwangu, wala si kwa mwendesha mashtaka."

Padri Dudek alisikiliza yote amesimama, ofisini kwake, kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya meza yake ya kuandikia. Alielewa upesi, hakuwa mtu mpumbavu. Alipomaliza kutazama lile duara la njano alikwenda dirishani akampa Pakuła mgongo.

"Basi andika ripoti yako," alisema. "Umeshinda."

"Ripoti yangu itafika mezani pamoja na kiapo chako. Huku ni doa la chavua lililosomwa na polisi Mlutheri. Kule ni paroko aliyeapa kwamba Alhamisi aliiona dhahabu. Mwendesha mashtaka atachukua lipi?"

Padri alishika kizingiti cha dirisha.

"Atachukua la kwako," Pakuła alijijibu. "Kiapo hakivunjwi na doa. Huvunjwa na aliyeapa."

"Unajua unachoniomba?" Padri aligeuka. "Niandike kwa mkono wangu kwamba niliapa juu ya kitu nisichokiona. Na kwamba nilimpa ufunguo wa Malkia mtu wa kupita, bila ruhusa. Barua hiyo mwendesha mashtaka ataisoma asubuhi, na Askofu ataisoma kabla ya jua kutua. Nimejenga paa la kanisa hili upya. Nilidhani nitazikwa hapa."

"Najua."

"Huwezi kuandika wewe, mimi nikatia saini chini? Kwa maneno ya jumla tu?"

"Mimi sikuapa, Padri."

Nje watoto walikuwa wakipiga kelele na maji. Padri aliushika ule uzi wa zambarau ambao Pakuła aliuweka pembeni mwa meza, akauzungusha kidoleni.

"Yule Lisiecki mtampata?"

"Nimemwomba mkuu wa stesheni apige simu ya upepo kwa vituo vyote vya mpakani. Pengine tutampata, pengine tumechelewa. Yeye ni kazi yangu. Grzyb ndiye ambaye treni ya jioni, ile ya barua, inamwamua."

"Siku hizi arobaini," alisema Padri, si kwa Pakuła hasa, "nimewahubiria watu hawa wavunje kiburi." Akavuta kiti, akakaa, akachovya kalamu.

Aliandika bila kusimama. Pakuła hakusogea karibu. Mara moja tu Padri aliinua kichwa.

"Na huko nyuma ya kaburi, Ijumaa? Grzyb alikuwa anafanya nini?"

"Hilo halimo kwenye kesi tena."

"Lakini wewe unajua."

"Muulize kwenye kitubio, Padri. Na ukimwuliza, kumbuka kwamba alitoka hospitali Jumatano."

Padri alirudi kwenye karatasi. Alipomaliza aliisoma yote kwa sauti, na mahali palipoandikwa *sikuona bizimu, niliona kitambaa tu, nami nikaapa* sauti yake ilishuka lakini haikuruka neno. Akatia saini jina lake kamili na cheo chake, cheo ambacho pengine hakingekuwa chake ikifika Jumapili ijayo. Akaikunja. Akaishikilia lakiri juu ya mshumaa mpaka ikadondoka nyekundu juu ya bahasha, akaigandamiza kwa muhuri wa parokia na kuushikilia hapo kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango.

Pakuła alinyoosha mkono kuipokea.

"Hapana," alisema Padri. "Nitaipeleka mwenyewe."

Alivaa kofia, akatoka kwa mlango wa mbele, akashuka barabara ya soko katikati ya watu waliomsalimu na kushangaa anakwenda wapi kwa haraka ile. Stesheni, mtunza mizigo alikuwa tayari anafunga mfuko wa barua. Padri alimpa bahasha mkononi, akangoja mpaka aione inaingia, mpaka kamba ikazwe fundo. Treni ya saa kumi jioni iliondoka nayo.